Siku ya Tatu Mguu Unalala

"Umenimwagia uji wangu wote—"

"Sikukugusa, mama, mimi nilikuwa napita zangu—"

"Unapita nini, ulikuwa unakimbia—"

"Nakimbia mazoezi, ni hospitali wame—"

"Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma yako hakuna mtu, mbele yako hakuna mtu, unakimbia. Halafu unasema hukunigusa. Nani amesema umenigusa? Mimi nimesema uji."

Sulait Isabirye alitazama chini akaona kwamba kwa upande wa uji mwanamke huyu alikuwa na haki. Sufuria ambayo yeye, Namono, aliitoa kila asubuhi kuwauzia wabeba mizigo wa mtaa wa Namatala ilikuwa imelala ubavu kwenye vumbi. Uji wa mtama ulikuwa bado unatoa mvuke, na kuku wawili walishauzunguka wakingoja upoe.

Kumgusa hakumgusa kweli. Alikuwa hata hajamfikia. Aliyemwona kwanza ni fundi baiskeli, mbali huko nyuma. Fundi aliona mwanamume anakuja mbio, mguu mmoja unatua vizuri na wa pili unachota vumbi, macho mbele, midomo inahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne. Fundi hakuuliza kitu. Alijitwika baiskeli ya mteja kichwani akaingia nayo kwenye mahindi. Muuza mkaa alipomwona fundi akauacha mkaa. Wanawake wa bombani walipomwona muuza mkaa wakaiacha mitungi. Namono alipoona barabara nzima inamjia, aligeuka kwa nguvu, akaipiga sufuria yake mwenyewe teke, akanyakua mtoto, na alikuwa ameshafika nyuma ya msikiti ndipo akagundua kuwa mtoto si wake.

Ilikuwa mwaka wa themanini, wiki moja baada ya sikukuu ya Idi, na vita ilikuwa imepita hapa Mbale mwaka mmoja na miezi minne kabla. Watu wa Namatala walitoka nayo na somo moja, na walilihifadhi vizuri kuliko wanafunzi wengi. Ukiona mtu anakimbia, usimuulize anakimbia nini. Kimbia. Maswali utauliza ukiwa kichakani.

"Na kuhesabu je?" Namono aliendelea, sasa akiwa na wasikilizaji, maana waliokimbia walikuwa wanarudi mmoja mmoja wakijifanya walikwenda haja. "Kama ni mazoezi, unahesabu kwa Kiswahili kwa nini? Kwenu hamna namba? Kiswahili huku ni cha askari. Mtu anakimbia anahesabu kwa Kiswahili, hiyo ni jeshi."

Yote hayo aliyasema kwa Kiswahili. Sulait hakujua Kigisu, Namono hakutaka kujua Kisoga chake, na pale Namatala ukitaka kumgombeza mtu wa kabila jingine mpaka maneno yamwingie, lugha ilikuwa hiyohiyo ya jeshi.

Akaitwa mwenyekiti wa mayumba kumi, mzee Wamboga. Alifika na kiatu kimoja, na hakuna aliyethubutu kumuuliza cha pili amekiacha wapi. Alisikiliza pande zote. Akasema uji umekwenda, hilo tumwachie Mungu. Lakini kuanzia siku hiyo, katika mayumba yake kumi, hakuna mtu kukimbia peke yake. Anayetaka kukimbia akimbie na watu, ili wanaotazama wajue ni furaha na si hatari. Umati ukaona hiyo ni hukumu ya haki. Sulait akarudi nyumbani akichechemea, akifuatwa na kuku mmoja aliyeshiba.

Nyumbani maana yake kwa dada yake, Nulu, na kwa usahihi zaidi kwa mume wa dada yake, Mafabi. Mafabi alipoisikia habari ya Namono na mtoto asiye wake alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Nulu hakucheka. Alimkumbusha kaka yake kuwa Sista Nambozo wa hospitali alimwambia atembee haraka mpaka darajani na kurudi. Atembee. Sulait akasema kutembea ni kwa wazee. Nulu akamuuliza yeye ni nani, na akaendelea kuchambua maharage bila kungoja jibu.

Mbio hizo zilikuwa na tarehe. Sulait alikuwa mfumaji wa kiwanda cha mablanketi cha Jinja, miaka kumi na minne kwenye mashine namba kumi na saba, na siku za michezo ya wafanyakazi alikuwa anakimbia raundi mbili za uwanja mbele ya watu wote. Aliwahi kushinda karai la bati na blanketi lenye kasoro. Kisha vita ikafika. Siku majeshi yalipokuwa yanakaribia mji, yeye na mwenzake wa mashine ya jirani, Adrisi, walidandia lori lililokuwa linakimbilia mashariki. Lori liliacha barabara mbele ya Iganga likalalia ubavu. Sulait alivunjika mguu wa kulia juu ya goti. Mganga wa mifupa aliuunganisha alivyojua, mguu ukapona ukiwa mfupi kidogo na mkavu kama mwiko.

Mwezi wa sita wa mwaka wa themanini ikaja barua. Kiwanda kinafunguliwa. Wafumaji wa zamani wafike Jumatatu ya tarehe tatu Novemba. Kila mmoja apandishe robota la mablanketi kutoka chini hadi stoo ya juu, ngazi thelathini na moja, kisha aonwe kama ataweza zamu. Atakayeweza atarudishiwa mashine yake na chumba chake kwenye nyumba za wafanyakazi. Asiyeweza, mashine yake itapewa mwingine.

Chumba hicho ndicho kilichomkondesha Sulait kuliko mguu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na alilala sebuleni kwa shemeji yake, na kila siku aliamka kabla ya jogoo ili mkeka uwe umekunjwa Mafabi asije akaukanyaga. Mafabi hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Sista Nambozo alikuwa anaangalia chumba cha mazoezi pale hospitalini, chenye vyuma viwili vya kushikilia, baiskeli isiyo na magurudumu na mizani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, aliyekanda miguu ya watu wengi kiasi kwamba alikutazama magotini kwanza kabla ya kukutazama usoni. Alimfunga Sulait kwenye utaratibu mmoja tu. Siku ya kwanza mguu unafanya kazi, siku ya pili unafanya kazi, siku ya tatu unalala. Chakula cha kujenga kila siku, yai, maharage, karanga, dagaa wa mukene. Hakuna cha ajabu. Sulait aliusikiliza utaratibu huo kama watu wanavyosikiliza matangazo ya vifo ya watu wasiowajua.

Sasa, amekatazwa kukimbia peke yake, afanye nini? Mafabi ndiye aliyetoa wazo, na alilitoa kwa mzaha, akiwa anapiga mswaki.

"Shemeji, mwenyekiti amesema kimbia na watu. Si hao watu?"

Kwa mbali ngoma zilikuwa zinakuja. Ulikuwa mwaka wa imbalu. Kila baada ya miaka miwili Wagisu huwatahiri vijana wao, na kabla ya kisu vijana hao huzunguka kwa ndugu siku nyingi, njuga mapajani, miili imepakwa unga, wakicheza na kukimbia kutoka ukoo huu hadi ukoo ule, na nyuma yao umati unaimba. Kukimbia kwa imbalu hakumtishi mtu. Mtu akisikia njuga anatoka nje kutazama.

Kesho yake Sulait alijiunga mkiani mwa kundi lililokuwa linatoka Namatala kwenda Malukhu. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani, kwa sababu kwenye imbalu kila asiyejulikana ni ndugu wa upande wa mama. Walipofika Malukhu, shangazi wa kijana alimkumbatia, akamwambia amefanana kabisa na marehemu fulani, akampa yai la kuchemsha na kibuyu cha pombe ya busaa. Sulait alirudisha busaa kwa adabu akabaki na yai. Siku ya tatu walikuwa wanamwita Mjomba wa Jinja. Siku ya tano aliitwa kutoa maoni juu ya ng'ombe. Wanaume wakamuuliza kwa utani kama na yeye alishakatwa, akawaambia alikatwa Jinja akiwa na miaka saba, nyuma ya msikiti, asubuhi moja, bila ngoma wala kucheza. Wakamwonea huruma kweli.

Mguu ulikuwa unapata nguvu, au yeye alidhani hivyo. Kilichokuwa kinakwenda vibaya alikuwa anakijua. Kundi la imbalu halina siku ya tatu. Linatoka leo, linatoka kesho, linatoka keshokutwa. Nulu alipomkumbusha siku ya kulala, alijibu kuwa mguu haudai. Nulu akasema mguu hauna mdomo. Sulait alishavaa viatu.

Ukweli wenyewe hakumwambia mtu. Siku aliyolala mchana kwenye mkeka wa Nulu, mwili ukiwa umenyooka na macho darini, kila gari lililopita barabarani lilikuwa lori. Alilisikia linavyobadilisha gia. Alisikia mzigo unavyosogea. Mle mtaroni mbele ya Iganga alilala kutwa nzima, hawezi kuinuka, na Adrisi alikuwa kando yake, chini ya magunia, akiongea naye. Aliongea habari za mashine. Alisema uzi wa mashine yake, namba kumi na nane, unakatika sana upande wa kushoto, Sulait akirudi aseme. Mchana akaacha kusema. Kwa hiyo mtu anayemwambia Sulait alale chini apumzike hajui anachoomba. Akikimbia hakuna lori. Kuna vumbi, kuna njuga, kuna kisogo cha mtu aliye mbele.

Siku ya kumi, kwenye mteremko wa Malukhu, goti liligoma. Halikuuma kwanza. Liliacha tu kuwa lake. Alikaa kwenye mtaro wa maji, umati ukapita ukiimba, na mwanamke mmoja akasema mjomba leo amekunywa. Hadi anafikishwa hospitalini kwa baiskeli ya mtu, goti lilikuwa limevimba kama boga.

Sista Nambozo hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alilikanda goti kwa kitambaa cha maji baridi, akampandisha kwenye mizani, akaitazama namba, akamtazama yeye, akaitazama namba tena. Akauliza anakula nini. Sulait akataja yai, maharage, karanga. Nambozo akatuma mtu amwite Nulu.

Nulu akaapa kuwa yai analiweka kila siku kwenye sahani ya kaka yake, kwa mkono wake. Na sahani hurudi tupu. Halafu akamgeukia Sulait.

"Kaka, yai unampa nani?"

Sulait alitazama vyuma vya kushikilia. Watoto, akasema. Anawagawia watoto, nusu nusu, na karanga pia. Hawezi kukaa kwenye nyumba ya mwanamume mwingine, bila kazi, bila shamba, halafu akala yai mbele ya watoto wa mwenye nyumba. Afadhali mguu ubaki vilevile.

Sista Nambozo akavuta kibao akakaa mbele ya goti lake, kama anaongea na goti.

"Nyama ya mguu haijengwi barabarani, bwana Isabirye. Barabarani unaibomoa tu, na ni sawa, lazima ibomolewe. Inajengwa umelala, na matofali ni chakula. Wewe siku kumi umebomoa. Usiku hulali, matofali unagawa. Sasa tarehe tatu unataka kupeleka nini Jinja?"

Akamuuliza kwa nini siku ya tatu hapumziki. Na pale, kwa sababu swali liliulizwa kwa goti na si kwake, Sulait alieleza. Lori, mtaro, magunia, uzi wa upande wa kushoto. Nulu, ndugu yake wa damu, alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, akajifuta uso kwa pembe ya mtandio. Nambozo aliendelea kulikanda goti. Alifikiri, akiwa bado ameshika kitambaa. Kisha akasema siku ya tatu asilale kwa dada yake. Aje alale pale, kwenye mkeka wa mazoezi, kona ile, kuanzia asubuhi. Yeye atakuwepo na wagonjwa wake wataingia na kutoka. Gari likipita, yeye ndiye atakayelisikiliza.

Ilikuwa tiba ya ajabu na haikuandikwa popote. Siku ya kwanza Sulait alilala macho wazi, akisikia magongo yakigonga sakafu na Nambozo akiwasifu watu kwa hatua tatu. Siku ya pili ya kulala alifumba macho. Ya tatu alikoroma, na mzee mmoja aliyekuwa anajifunza kusimama akalalamika kuwa hawezi kujipanga na kelele kama hizo.

Suala la yai Mafabi alilimaliza mwenyewe. Jioni moja alileta kigoda chake, akakaa mbele ya Sulait, akaweka sahani kati yao, akawafukuza watoto.

"Shemeji, watoto wananiuliza kama chakula cha nyumba hii mjomba hakipendi. Unaona unavyoniaibisha? Kula. Siondoki hapa."

Sulait akala. Mafabi akatazama kila tonge mpaka mwisho, kama mtu anayetazama mpira, akaenda zake.

Mukene ilikuwa vita nyingine. Sulait alikulia Jinja, ambako samaki hao wadogo wa ziwani aliwajua kama chakula cha kuku, na aliposikia harufu yao jikoni alitoka nje. Nulu aliwatwanga wakawa unga, akawachanganya na mchuzi wa karanga, akawapakua juu ya matoke. Sulait akasema kwetu hiki tunawapa kuku. Nulu akamuuliza ni lini amemwona kuku anachechemea. Akala, na baada ya wiki mbili alikuwa anauliza mwenyewe kama wamebaki.

Goti lilipopungua, wiki mbili na nusu zilikuwa zimepotea. Akaanza tena kwa kutembea. Sheria ya mzee Wamboga ilikuwa bado ipo, kwa hiyo alihitaji mtu wa kutembea naye, na mtu aliyekuwa anatoka mapema kila siku, mvua iwe isiwe, ni Namono. Alikwenda kumwomba radhi akasema atambebea sufuria. Namono alimpima kwa macho, akamwambia ukiimwaga hii nitakuzika. Wakaenda. Sufuria nzito ya uji wa moto kichwani ni mwalimu mkali. Haikuruhusu mguu kuchota vumbi, haikuruhusu haraka, na haikuruhusu mawazo ya pembeni. Namono alitembea kando yake akisalimia watu wote kwa sauti, na kila aliyemsalimia alimtaarifu kuwa huyu ndiye yule wa uji.

Ngazi alizipata mjini, nyuma ya duka la ghorofa ambalo wenyewe waliondoka Wahindi walipofukuzwa na hawajarudi. Fundi cherehani aliyekuwa barazani alimruhusu, mradi asipige kelele. Alianza mikono mitupu, kumi na mbili kwenda juu, kumi na mbili chini. Kisha na gunia la mchanga robo. Kisha nusu. Siku mbili ngazi na sufuria, siku ya tatu mkeka wa Nambozo. Hakuna siku aliyoamka akajiona amepona. Lakini asubuhi moja ya Oktoba alifika na Namono pale kwenye kibanda, akatua sufuria, akagundua kuwa hakuwa amehesabu hatua hata moja.

Tarehe tatu Novemba, Nulu alivaa gomesi yake nzuri akaenda naye Jinja. Alisema anakwenda kusalimia tu. Walipita barabara kuu yenye maduka ya zamani, majina ya wenye maduka yamebaki juu ya milango na mwaka yalipojengwa, mengine yamefunguliwa, mengine yana matundu ya risasi yaliyozibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Getini mwa kiwanda walikuta wanaume kama arobaini. Sulait aliwatambua wachache, na ilimchukua muda kuelewa kwa nini wachache. Walikuwa walewale, ila wamepungua. Mashati yalikuwa yanakumbuka miili mingine. Waliitana kwa namba za mashine, namba tisa, namba ishirini na mbili, namba thelathini, na mtu akitaja namba ambayo mwenyewe hayupo, waliruka haraka kwenda nyingine.

Aliyeshika daftari alikuwa Lalit, mtoto wa mmoja wa wenye kiwanda wa zamani. Aliondoka akiwa kijana wa kupanda pikipiki, amerudi na miwani na mvi. Alisimama juu kabisa ya ngazi za stoo, na kila aliyefika na robota aliulizwa swali lilelile, kwa Kiswahili cha dukani cha Jinja ya zamani. Zamu ni masaa nane, kusimama. Utaweza?

Wengi walifika juu. Wanne hawakufika. Mmoja aliliacha robota kwenye ngazi ya ishirini akalitazama kama limemtukana, akashuka, akatoka getini bila kuaga. Waliofika walijibu wote sawa, nitaweza, bwana. Ouma wa namba tisa, aliyekuwa mtu mkubwa zamani, alifika juu na uso wa majivu akasema hata masaa kumi na mbili, bwana. Lalit akaandika. Ouma akashuka kwa tabasamu, akapita kwa Sulait, akazunguka nyuma ya tangi la maji, na Sulait akamsikia anatapika maji matupu.

Kisha likaitwa jina lake.

Robota lilikuwa zito kuliko gunia la mchanga, na lilikuwa na harufu ya sufu na mafuta ya mashine, harufu ya miaka kumi na minne. Alilipandisha begani. Hakuenda haraka. Kumi za kwanza alizipanda kama za fundi cherehani. Kwenye ya kumi na tano mguu wa kulia ulianza kuongea, akausikiliza, akahamisha uzito, akaendelea. Ishirini. Ishirini na tano. Chini Nulu alikuwa amekamata mtandio kwa mikono miwili. Thelathini, thelathini na moja, na robota likatua stoo kwa kishindo kizuri.

Lalit alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akatafuta kwenye daftari.

"Isabirye. Namba kumi na saba. Nakumbuka wewe, ulikuwa unakimbia. Huo mguu?"

"Ulivunjika, bwana. Umeunga."

"Zamu ni masaa nane, kusimama. Utaweza?"

Jibu alikuwa nalo tangu Juni. Alikuwa amelilalia sebuleni kwa Mafabi na amelibeba na uji wa Namono. Lakini kutoka pale juu ukumbi wa mashine ulionekana wote, mstari baada ya mstari, zimefunikwa maturubai, na mbele ya kila mashine sakafu ya mbao ilikuwa na mashimo mawili mepesi, pale mfumaji alipoweka miguu, miaka na miaka. Mbele ya kumi na saba alikuwa anayaona ya kwake. Mbele ya kumi na nane yalikuwepo mengine.

Akausikiliza mguu. Ulikuwa unatetemeka kidogo, bila fujo, na ulimwambia vizuri kabisa unachoweza. Saa mbili wima, kisha dakika kumi za kupumzika. Saa mbili nyingine, kisha dakika kumi. Kwa mpango huo ungemfikisha miaka. Saa nane mfululizo ungempa leo, ungempa kesho, na keshokutwa angekuwa na boga gotini na mashine ya mtu mwingine. Wote waliopanda kabla yake walijua jambo la namna hiyo juu ya miili yao, na wote walisema nitaweza, na hata mwenye daftari alikuwa anajua. Tangu kiwanda kijengwe, hakuna mfumaji aliyewahi kukaa ndani ya ukumbi ule. Kuketi ilikuwa ni kufukuzwa.

Kule chini Nulu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa cha ndiyo, kumsaidia.

"Nitaweza," Sulait alisema, na kalamu ya Lalit ikashuka kwenye karatasi. "Ila naomba kiti."